Mkono wa Marlena na Risasi za Bei Nafuu

Lick Fork, Kentucky
Jumatano, tarehe 16 Oktoba

Kaka yangu Denzil,

Pokea salamu zangu, hata kama leo zinakujia zimekunja uso. Natumaini goti lako limepungua kuvimba na kwamba ile sukari unaipima kila asubuhi kama ulivyoagizwa, siyo mara moja kwa wiki unapokumbuka. Huku kwetu mimi mzima wa mwili. Baridi imeanza kushuka mlimani, majani yameanguka yote uani na sijayakusanya. Shangazi Verbena anakusalimu. Anauliza kama huko Ohio bado unakula vya kwenye makopo au umejifunza kupika tangu mkeo Lavonne afariki.

Hii ni barua ya tatu naianza. Mbili nimezichana kwa sababu zilijaa matusi, na mama hakutulea tutukanane kwa maandishi. Naandika kwa kuwa kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema neno moja wewe umeshasema kumi, halafu unakata, unasema umenielewa. Safari hii hunielewi mpaka umalize kurasa zote. Kaa chini. Vaa miwani. Zima hiyo televisheni.

Nina hasira, Denzil. Nimekuwa nazo wiki saba, na nimechoka kulala nazo.

Unajua jinsi mambo yalivyoanza, lakini nitayasema tena kwa mpangilio, maana wewe umeyasimulia kwa watu wengi kwa namna yako mpaka yamepinda. Mwezi wa nne nilikuwa napanda bonde la Caney kwenda kumchoma sindano Bi Hassie Turner. Mpwa wake akasimama mbele ya gari langu na chuma cha kufungulia magurudumu, akitaka mkoba wa dawa. Nilimwambia sina dawa za maumivu, nina sindano za sukari na bandeji. Akasema, “Mama, usinifanye mjinga,” akavunja kioo cha upande wangu. Nilirudi nyuma kwa gari kilomita nzima, shingo imegeuka, vioo vimejaa mapajani. Nina miaka sitini na moja, na miaka ishirini na sita nimezunguka mabonde haya nikiwaosha wazee wa watu bila hata kufunga mlango wa gari. Siku ile kitu kilinivunjika ndani, nikasema sitaenda tena mikono mitupu.

Ndipo nikaenda dukani kwa Estill Gevedon kununua bastola. Wewe na mimi tulikuwa tunatumwa kwake kununua minyoo ya kuvulia samaki, alipokuwa bado kijana nyuma ya kaunta ya baba yake. Alinitolea bastola tano au sita, akanifundisha kuzishika, akazirudisha zile zilizonizidi mkono. Niliyoichukua ni ndogo, ya milimita tisa, nyeusi, haina madoido.

Sasa ikaja habari ya risasi, na hapa nataka usome polepole.

Nilikupigia simu kwanza, kwa sababu wewe ndiye mwenye bunduki katika ukoo huu tangu baba afe. Nikakuuliza ninunue zipi za kujifunzia, maana nilikuwa nimeona bei zake nikashtuka. Ulicheka. Ukasema, “Wee Oleta, risasi ni risasi tu. Usimpe Gevedon hela zako. Kamata za bei ya chini kabisa, toboa karatasi, basi.” Ukaongeza kwamba mtu kama wewe, unayeokota maganda yaliyokwisha kupigwa na kuyajaza upya mwenyewe kwenye chumba cha chini ya nyumba, huwezi kulipa bei za duka hata ukiwekewa kisu shingoni.

Gevedon hakucheka. Alipanga maboksi matatu juu ya kaunta. Akanieleza kwamba zile ghali, zenye tundu nchani, ni za siku ya shida, nisizichome kwenye karatasi. Ninunue boksi moja, nijaribu chache nione kama bastola inazikubali, nyingine niziweke. Za mazoezi ni hizi zenye ncha ya mviringo iliyofunikwa shaba, hamsini kwa boksi. Nikamwonyesha kidole zile za ganda la chuma, ambazo zilikuwa rahisi kuliko zote. Akachukua sumaku aliyoifunga kamba kwenye mashine ya hela, akaigusisha. Risasi ikanata. “Hizi hata sikatai kukuuzia, Bi Oleta,” akasema, “lakini kule kwenye uwanja wa shabaha kwa Roxie watakurudisha getini, na zinakwaruza bastola mpya. Unaokoa dola mbili, unanunua maudhi.” Akaniambia nichukue boksi moja moja la aina tatu za ganda la shaba, za viwanda tofauti, nipige, niandike ni zipi zinakwama na zipi hazikwami. Nikishaijua moja inayopita vizuri, nije ninunue kwa wingi, atanipunguzia. Na akasema neno moja la mwisho akinionyesha kwa kidole kijitabu cha bastola, ukurasa wa nne: nisitie ndani ya hiyo bastola risasi ambayo sijui nani kaijaza.

Nilifanya hivyo hivyo. Boksi la kwanza lilikwama mara tatu. La pili halikukwama, lakini lilitoa moshi wa kunikohoza. La tatu lilipita kama maji. Hilo la tatu ndilo nikalinunua, maboksi kumi kwa mpigo, na Gevedon akanipunguzia kama alivyoahidi. Mpaka mwezi wa saba nilikuwa natia tisa kati ya kumi ndani ya duara la ukubwa wa sahani. Roxie mwenyewe, yule anayesimamia uwanja, mwanamke asiyemsifu mtu hata kwenye mazishi yake, alisema, “Mama Sizemore, nani kakukosea?”

Nikamshawishi Marlena naye aje. Hakutaka. Mwanangu yule hajawahi kupenda bunduki, hata baba yake alipomnunulia ile ya kuwindia sungura aliiacha kabatini. Lakini yuko peke yake pale saluni mpaka jioni, na Alhamisi huenda chumba cha maiti kuwatengeneza nywele marehemu, anarudi peke yake barabara ile ya mtoni. Nilimsumbua. Nilimwambia, “Wewe unaona wafu kila wiki, unaogopa karatasi?” Akakubali ili ninyamaze.

Jumamosi ile, tarehe 24 Agosti, saa nne asubuhi, jua zuri. Marlena kavaa miwani ya kinga, masikio kayaziba, nimesimama nyuma ya bega lake la kushoto. Akapiga ya kwanza, akapiga ya pili, akageuka kunitazama akatabasamu kwa sababu zote mbili ziliingia kwenye karatasi. Ya tatu haikulia kama risasi. Ililia kama kitu kilichopasuka ndani ya sufuria iliyofunikwa. Bastola ilimfumuka mkononi. Kasha la risasi lililo ndani ya mpini lilichomoka chini kwa nguvu likanipiga kwenye mguu, vipande vya mpini vikaruka, na mwanangu akabaki ameunyosha mkono mbele yake kana kwamba bado ameshika kitu. Hakupiga kelele. Alisema tu, “Mama, angalia kama kidole kipo.”

Nimeosha vidonda miaka ishirini na sita. Nilivua shati langu nikamfunga, Roxie akaendesha gari, na njia nzima nilikuwa namuuguza kama muuguzi na siyo kama mama, kwa sababu ningekuwa mama ningemtia Roxie kiwewe tukapinduka mtaroni. Hospitalini Lexington walimfanyia upasuaji mara mbili. Kidole cha shahada kimekatwa kwenye kiungo cha pili. Gumba lipo, ila halina hisia. Miwani ilimwokoa macho, ina alama tatu za vipande, nimeiweka.

Mkono wa kulia, Denzil. Mkono wa mkasi.

Ukaja siku ya nne, na kwa kuja kwako nilikushukuru na bado nakushukuru. Ulimletea Marlena keki ya matufaa, ulikaa naye, ulimfanya acheke. Lakini uliponiuliza risasi zilitoka wapi, nikakuonyesha boksi tupu, nawe ukaona kibandiko cha bei cha Gevedon, niliona uso wako unabadilika. Ulifura. Ukasema, “Huyu mzee kakuuzia takataka. Kakuuzia mabaki ya kiwanda, kwa kuwa wewe ni mjane.” Nilikuambia tungoje. Nilikuambia kwa sauti ndogo, mara moja, na hiyo sauti ndogo ndiyo inayonikondesha mpaka leo.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda dukani kwake. Duka limejaa, siku ya watu kununua chakula cha mbwa na leseni za kuwinda. Nilibaki kwenye gari lako, dirisha wazi, nikasikia kila kitu. Ulimwita mwizi. Ulimwita mchinja wajane. Ulisema, “Estill, umemkata mwanangu kidole kwa ajili ya dola mbili!” Yeye alivua kofia. Nilimwona kupitia mlango, amevua kofia kana kwamba yuko kanisani, akasema, “Denzil, nasikitika sana kuhusu binti. Niletee boksi na maganda niyaone.” Ukamjibu kwamba utayapeleka kwa wakili, siyo kwake afiche ushahidi. Ukaipiga teke ndoo ya mbegu ikamwagika, ukatoka, na watu waliokuwa kwenye foleni wakaacha vitu vyao juu ya kaunta, wakatoka nyuma yako mmoja mmoja.

Ulimvua nguo mzee wa watu mbele ya wateja wake. Kisha ukarudi Ohio, ukaingia kwenye mtandao, ukaandika, ukatuma picha ya mkono wa Marlena bila kumwuliza Marlena. Ndugu zetu mpaka Indiana wakaandika chini yake. Mtu akamwandikia Gevedon ukutani kwa rangi nyekundu neno ambalo sitaliandika hapa. Nola mkewe ameacha kuja kanisani, yule aliyekuwa akianzisha nyimbo zetu tangu nikiwa bibi arusi. Sasa tunaimba kila mtu kwa sauti yake, na hakuna anayethubutu kusema kwa nini. Wiki mbili zilizopita duka limewekwa kibao cha kuuzwa.

Na mimi nikanyamaza. Haya, sasa tumefika.

Risasi zile hazikuwa za Gevedon. Zilikuwa zako.

Soma tena kama hukuamini. Ulikuja tarehe nne ya mwezi wa saba kula nasi nyama ya kuchoma, ukaniletea mfuko wa plastiki wenye risasi mia mbili ulizozijaza mwenyewe. Ulisema, “Mdogo wangu asilipe tena bei za duka maadamu niko hai.” Nilifurahi, Denzil. Bei za Gevedon, hata zilizopunguzwa, zilikuwa zinanila, kwa maana nilikuwa napiga boksi zima kila wiki. Nilikumbuka ukurasa wa nne. Nikajiambia kwamba maneno yale ni ya risasi ambazo hujui nani kazijaza, na mimi namjua aliyejaza, ni kaka yangu.

Lakini kwa Roxie hawapokei risasi za kujaziwa nyumbani, ni za kiwandani tu, tena ndani ya boksi lake. Anakagua getini. Nami sikutaka kubishana naye. Nilikaa mezani jikoni, nikachukua maboksi matupu ya Gevedon, nikazipanga zako humo, moja moja, hamsini kwa kila boksi, mpaka zikaonekana kama zimetoka kiwandani. Nilijiona mjanja. Wiki nne nzima Roxie alifunua kifuniko, akatazama, akanipungia mkono nipite. Nilipiga zako mia na zaidi na hakuna kilichotokea. Ile ya mwanangu ndiyo iliyopasuka.

Kwa hiyo boksi lile ulilolishika ukamlaani Gevedon lilikuwa na risasi za mkono wako, na aliyezitia humo ni mimi. Nilikuwa nimekaa pembeni yako. Nilijua. Nilijua tangu niliposikia mlio.

Utasema huenda siyo zako. Nami nilitamani sana iwe hivyo. Siku ile ile, Roxie alipokuwa akiwasha gari, nilirudi kuchukua mkoba wangu nikalichukua na boksi, na zile zilizobaki nikazificha chini ya sinki nyuma ya sabuni. Alhamisi iliyopita nilizipeleka kwa fundi wa bunduki, mtu asiyetujua, mbali na hapa. Zilikuwa thelathini na moja. Alizifungua zote mbele yangu, akamwaga baruti ya kila moja kwenye mizani yake ndogo. Ishirini na nane zilikuwa sawa. Moja haikuwa na baruti hata chembe. Mbili zilikuwa na baruti iliyotiwa mara mbili, zimejaa mpaka juu. Yule fundi aliweka miwani yake chini akasema, “Mama, aliyejaza hizi ama haoni vizuri ama alikuwa anatazama mpira huku anajaza. Mwambie aache kabla hajaua mtu.”

Hapo ndipo hasira zangu kwako zilipochemka, kwa sababu najua ni yote mawili. Mwaka juzi daktari alikuambia macho yako yana ukungu na kwamba ni upasuaji wa nusu saa. Ulimwambia utafikiri. Lavonne alikuomba akiwa kitandani, naye anakufa, na bado ulisema utafikiri. Unaendesha gari mwendo wa saa tatu kuja huku unafuata taa za lori lililo mbele, nimekaa nawe, nimeona. Unashuka chini ya nyumba kila siku, unawasha televisheni, unavuta mpini wa ile mashine, kwa sababu nyumba ni kimya na huna pa kwenda. Nalijua hilo. Nililijua nilipopokea mfuko. Sikusema, maana uliponipa ulikuwa na uso ambao sikuwa nimeuona tangu msiba wa Lavonne, nikaogopa kuufuta. Basi tumekuwa wawili: wewe huoni na hutaki kutibiwa, mimi naona na sitaki kusema. Na kati yetu tumemkata Marlena kidole, tukambebesha Estill Gevedon.

Jumapili baada ya ibada nilimwambia Marlena. Nilikuwa namfunga bandeji, nikaona siwezi kuifunga tena bila kusema. Alisikiliza mpaka mwisho. Sikumwona akilia. Akasema, “Mama, wiki saba unaniosha kidonda na unajua?” Nikasema ndiyo. Akauliza, “Mjomba anajua?” Nikasema hapana. Akamaliza kujifunga mwenyewe, akishika ncha ya bandeji kwa meno, akachukua koti lake akaenda kwa rafiki yake Petrice. Hajarudi. Hakuniuliza kwa nini nilichagua risasi hizi au zile. Hilo angelisamehe. Ni huku kunyamaza kwangu ndiko kulikomuuma.

Jana nilikwenda kwa Gevedon. Alikuwa peke yake, anapanga ndoano za samaki kwenye sanduku. Nilisimama pale pale ulipomwaga mbegu nikamwambia kila kitu, pamoja na maboksi matupu na Roxie na sinki. Nilikuwa nimejiandaa alie au anifukuze. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alifungua droo akatoa bahasha. Ndani mna maganda matatu. Roxie aliyaokota uwanjani siku ile baada ya kutupeleka, akampelekea. Kila ganda lina alama ya kiwanda tofauti kitakoni, na moja limepasuka. Akasema, “Mimi nauza aina moja kwa boksi, Bi Oleta. Nimejua tangu siku ya tatu kwamba hizi ni za maganda ya kuokota na kujazwa upya.”

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Na hapa, kaka, usifikiri nilipata mzee mpole wa kunipangusa machozi. Alisema, “Siku za kwanza nilinyamaza kwa ajili ya binti. Nilisema mama yake atakuja, huyu namjua, alimwosha mama yangu mpaka alipokufa, hawezi kuacha jambo hili. Baadaye nilinyamaza kwa hasira. Nilitaka nione utakaa siku ngapi. Nilihesabu, Oleta. Nola analia jikoni na mimi nahesabu.” Akasema bahasha ile alikuwa anaipeleka kwa wakili Ijumaa hii. Kisha akaniambia nisije tena kununua kitu kwake, hata minyoo. Nikasema sawa.

Nilipofika mlangoni akaniita. Akasema hataki hela yako wala yangu. Anataka jambo moja. Ulisema mbele ya watu siku ya Jumamosi, saa tatu, duka limejaa. Uje Jumamosi, saa tatu, usimame pale pale, useme kinyume chake kwa sauti ile ile. Akasema, “Siyo kwenye mtandao. Kwa mdomo.” Bahasha ataizuia mpaka hapo.

Nimempa neno langu kwamba utakuja tarehe 26. Sijakuuliza, nimempa tu. Kama hutakuja, nitasimama mimi, nitaanza na jina langu na nitamalizia na lako, na sitakuwa na sauti ndogo safari hii. Kwa Roxie nimeshakwenda leo asubuhi. Kanifukuza uwanjani maisha, na ana haki.

Jambo jingine. Usiendeshe gari. Delmer, kijana wa Shangazi Verbena, atakuja kukuchukua Ijumaa. Hiyo mashine ya kujazia ifungue uilete pamoja na baruti yote, usiache hata kopo. Na Jumatatu inayofuata, tarehe 28, nimekuandikisha kwa daktari wa macho kule Hazard, saa mbili asubuhi. Usiniambie utafikiri. Lavonne hayupo wa kukuomba, na mimi siombi.

Jana jioni Marlena alinipigia. Aliuliza swali moja tu, kama nimeshakuandikia. Nikasema bado. Akakata simu. Ndiyo maana leo nimekaa hapa tangu chakula cha mchana, na sasa mkono unaniuma, na nimeimaliza bila kuichana.

Wasalimie majirani zako, hasa yule mama wa ng'ambo ya barabara anayekuletea supu. Shangazi anasema atapika maharage na mkate wa mahindi siku utakayofika, na kwamba atakugombeza baada ya kula, siyo kabla. Marlena hakunituma salamu kwako, nami sitazitunga. Ukitaka salamu zake, uje uziombe mwenyewe.

Usinijibu kwa simu. Njoo. Chumba cha nyuma nimeshakitandika.

Ni mimi niliyekukasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu, na bado ni mdogo wako,

Oleta